Nge mkubwa mwenye manyoya mnamuonea bure

Napuliza dawa ya wadudu hapa Phoenix, Arizona, Marekani, na wateja wangu wengi ni Wakongo na Warundi. Juzi saa tatu usiku mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, njoo haraka, nge kama kiganja, nimemfunika sufuria!"

"Nge mkubwa ndiye mwenye sumu kali." Hili nimelisikia hadi nimechoka. Nilifunua sufuria nikamkuta niliyemtarajia: Hadrurus arizonensis, mchimba mashimo wa jangwa la Sonora, anayefika sentimita 14, hakuna nge mkubwa kumzidi Amerika Kaskazini. Magando yake manene. Mgongo umekoza, miguu na mkia ni wa manjano, na manyoya ya kahawia yamesimama mkiani. Mbele ya kichwa ana baka jeupe-jeupe kama mwezi mwandamo. Akikuchoma, maumivu ni kama ya nyuki, labda uwe na mzio.

Wakati familia nzima imezunguka sufuria, wa kuogopwa alikuwa amening'inia kwenye pazia nyuma yao. Centruroides sculpturatus hazidi sentimita 8, rangi yake ya udongo, magando membamba kama kibano, mkia mwembamba vilevile. Hachimbi shimo, hupanda kuta na kukaa miguu juu. Chini ya mwiba wake kuna kijino kidogo, ukiwa na lenzi utakiona. Mtoto akichomwa na huyu, mkimbizeni hospitali. Msimpake kitunguu; kitunguu kipikieni mboga.

"Manyoya yana sumu." Hayana. Ni ya kuhisi mtikisiko. Sumu iko kwenye mwiba tu.

"Rangi inatosha kumtambua." Haitoshi. Wapo Hadrurus arizonensis wasio na weusi wowote mgongoni, na nge yeyote aliyetoka kujivua gamba huwa amepauka. Anza na magando, rangi baadaye.

"Anayeng'aa kwenye tochi ya urujuanimno (UV) ndiye mbaya." Karibu nge wote hung'aa! Tochi hiyo nunueni, ni bei rahisi na mimi siendi kazini bila yangu, lakini ni ya kumtafutia nge, haikuambii ni nge gani.

"Pingili za mkia ni miaka yake." Mkia una pingili tano, mzee kwa kijana.

Na mkinitumia picha, pigeni kwa juu, magando na mkia vionekane, sarafu kando yake. Nimechoka kutumiwa picha ya ndala na rojo chini yake, halafu naulizwa, "Huyu ni nge gani?"