Tiba ya kisaikolojia kwa wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kikao na mwanasaikolojia kabla ya upasuaji ni mtihani. Ukisema ukweli, unakataliwa.

Wanaokataliwa moja kwa moja ni wachache. Upasuaji huahirishwa kwa sababu zinazojulikana: matumizi ya pombe au dawa za kulevya yasiyodhibitiwa, ugonjwa mkali wa akili usiotibiwa, mawazo ya kujiua, au mazoea ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Yote haya yanatibika, na mgonjwa hurudishwa kwenye ratiba. Anayeficha ndiye anayejiumiza, kwa sababu timu itampanga kama mtu asiye na tatizo hilo.

Dhana: Tumbo likishapunguzwa, kula ovyo kunaisha kwenyewe.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wengi. Katika upasuaji unaoacha tumbo likiwa na umbo la mrija, takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo huondolewa, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayochochea njaa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo njaa hupungua sana. Lakini anayekula kwa sababu ya huzuni, hasira au upweke hakuwa akisukumwa na njaa. Sahani kubwa haimaliziki tena, basi anaanza kudonoa: biskuti mbili sasa, aiskrimu baada ya nusu saa, kisha soda. Vitu laini na vitamu hupita kwa urahisi, na kufikia jioni amekula kalori nyingi bila kuketi mezani hata mara moja.

Njia inayotumika sana hapa ni tiba ya fikra na tabia. Mgonjwa huandika kila kinachoingia mdomoni, saa, mahali, hisia aliyokuwa nayo na kiwango cha njaa kuanzia 0 hadi 10. Baada ya wiki moja au mbili, mtindo hujitokeza. Kwa mfano, kudonoa huanza saa tatu usiku, njaa ikiwa 2, siku zenye ugomvi nyumbani. Hapo mtaalamu na mgonjwa wana kitu cha kushika: milo kwa saa maalumu, kungoja dakika 15 kabla ya kutii hamu, na kuamua mapema ni nini kitafanyika katika saa ile ngumu. Zoezi huharibika mtu anapojaza daftari usiku kwa kukumbuka. Vinavyosahaulika ni vile vilivyodonolewa, na ndivyo vinavyotafutwa.

Dhana: Vikao vya kabla ya upasuaji vinatosha.

Mwaka wa kwanza uzito hushuka, sifa humiminika, na sonona mara nyingi hupungua. Kati ya miezi 12 na 24 uzito huacha kushuka, ngozi iliyolegea inabaki, sifa zinakauka, na huzuni inaweza kurudi. Hatari ya kujidhuru pia huongezeka kwa baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji, kwa hiyo swali la kujiua liulizwe waziwazi katika kila hudhurio. Kama vikao ni vichache, tungependelea vingi viwekwe baada ya upasuaji, hasa kuelekea mwaka wa pili, badala ya kuvimaliza vyote mwanzoni.

Dhana: Pombe kidogo ni ileile ya zamani.

Sivyo. Baada ya baipasi ya tumbo, yaani upasuaji unaotenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, kifuko hicho hubeba takriban mililita 30. Pombe hufika kwenye utumbo haraka, na kiwango chake katika damu hupanda kwa kasi na kwenda juu zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta tatizo la matumizi ya pombe kwa asilimia 7.6 ya wagonjwa kabla ya upasuaji, 7.3 mwaka wa kwanza, na 9.6 mwaka wa pili. Mgonjwa anayeulizwa mwaka wa kwanza tu huonekana salama.

Dhana: Mabadiliko yote ya hisia na akili ni ya kisaikolojia.

Sonona ikirudi mapema baada ya baipasi, kagua dawa kwanza: vidonge vinavyoachia dawa polepole huenda visifyonzwe vizuri, na daktari anaweza kubadilisha aina. Usiache dawa mwenyewe. Na mtu aliyetapika kwa siku nyingi, kisha akachanganyikiwa, akaona vitu viwiliviwili au akayumba, asisubiri kikao. Huenda amepungukiwa na vitamini B1, na hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali apewe B1 kwa mshipa, kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo.

Dhana: Mwenzi atafurahi tu.

Utafiti wa Sweden wa mwaka 2018 ulionyesha talaka na kutengana vikiongezeka baada ya upasuaji, na wasio na wenzi wakiingia zaidi katika uhusiano mpya. Mwenzi aalikwe angalau kikao kimoja kabla ya upasuaji na kingine baada ya miezi sita, wazungumzie milo ya pamoja, wivu, na nani anapika nini.