Bega halikosi nguvu, kitako ndicho kimeachwa mbali

Mwezi uliopita mlinzi mmoja wa shamba la mkonge, upande wa Muheza, alifungua vifungo vya shati anionyeshe bega. Lilikuwa limevilia damu. "Afande, hii shotgani inapiga teke kama punda. Mimi sina kifua cha kuiweza."

Nafundisha walinzi hapa Tanga, na maneno hayo nayasikia kila kundi jipya linapokuja. Kifua hakihusiki. Risasi ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye gramu 32 za marisau, zile chembe ndogo za kurushwa, hutoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 400 kwa sekunde. Kinachosukumwa mbele hulipwa nyuma, kama Newton alivyoandika mwaka 1687. Bunduki ya kilo 3.2 hurudi kwa mita 4 kwa sekunde, na hapo sijahesabu gesi ya baruti. Ya kilo 2.7 hukaribia 5. Kwa hiyo ile nyepesi, ambayo kila mtu anaitaka kwa ajili ya doria, ndiyo inayoumiza zaidi.

Kasi hiyo huumiza ikipata nafasi. Kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki, kikiachana na bega hata kwa unene wa kidole, kinakuja kama nyundo. Kikishikamana nalo, uzito wa mwili wako unaingia kwenye hesabu, na kipigo kinageuka msukumo. Mahali pake ni kwenye kishimo laini kati ya mtulinga na kifundo cha bega. Inua kiwiko kidogo, utakihisi. Kijana wangu, yule mlinzi wa Muheza, alikuwa anasimama ubavu, kitako kimemtelezea hadi juu ya mkono. Pale si mahali pa kukipokea.

Anza na shavu. Leta bunduki usoni, shavu lilale juu ya kitako, ndipo bega lije kukutana nacho. Shotgani nyingi hazina alama ya nyuma ya kulengea: jicho lako ndilo alama hiyo. Ukiinua kichwa, marisau yanapita juu na shavu linapigwa.

Miguu isimame kama ya mvuvi anayesukuma ngalawa majini: wa kushoto mbele, goti limelegea, uzito mwingi mbele. Anayeegemea nyuma huyumba kila risasi.

Halafu kuna hofu, na hii hunichukua muda kuliko yote. Mlio wa shotgani unapita desibeli 150. Mtu asiyeziba masikio huuogopa mlio akidhani anaogopa teke. Ziba masikio, kila mara, hata kwa risasi moja. Kisha mimi ndiye ninayemjazia mwanafunzi bunduki, nikichanganya risasi bandia bila yeye kujua ipo wapi. Akiifyatua ile bandia, bunduki inanyamaza, lakini mtutu unainama kwa hofu yake mwenyewe. Wa kijana huyu ulishuka upana wa kiganja, na akauona kwa macho yake. Hakubisha tena.

Tulikaa wiki tatu na bunduki tupu, iliyokaguliwa kabla ya kila zoezi: shavu, bega, miguu, mamia ya mara, jasho la Tanga likitutoka. Jumamosi, bega likiwa limepona, alipiga risasi 5 nyepesi za gramu 24. Akaomba ya 6. Nilimnyima, kwa sababu ya 5 alikuwa ameanza kuinua kichwa.