Je, wajua kwa nini fataki huchanua kimya kabla ya mshindo kufika?

Oktoba 2013, manowari za nchi nyingi zilikusanyika katika bandari ya Sydney, Australia. Jeshi la majini la huko lilikuwa likiadhimisha miaka 100 tangu kundi lake la kwanza la meli saba, likitanguliwa na manowari HMAS Australia, liingie bandarini humo tarehe 4 Oktoba 1913. Mchana ndege zilipita juu ya meli, na usiku fataki zikawaka penye daraja kubwa la bandari.

Mtu aliyesimama kwenye rasi ya Mrs Macquarie's Point, ng'ambo ya maji, yuko zaidi ya kilomita moja kutoka darajani. Kutoka hapo, fataki huchanua angani kimya kabisa, na mshindo wake hufika sekunde kama nne baadaye, pengine fataki nyingine imeshawaka.

Sababu ni mwendo. Mwanga hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo jicho halicheleweshwi. Sauti husukumana na hewa kwa mita 340 tu kwa sekunde. Ukiona moto, anza kuhesabu: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Manowari ikipiga mizinga 21 ya heshima ni vivyo hivyo. Moshi unauona kwanza, mlio baadaye, nawe ukiwa ufukweni unaweza kupima meli iko umbali gani bila chombo chochote.

Linalonishangaza zaidi ni ndege. Tuseme inapita kilomita moja juu ya kichwa chako kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, yaani mita 250 kila sekunde. Ngurumo iliyotoka pale juu itakufikia baada ya sekunde tatu, na wakati huo ndege imekwenda mita 750 mbele. Ndiyo maana watu huinua macho kule mlio unakotokea wakakuta anga tupu. Mwenye kutaka kuiona asilifuate sikio, atazame mbele ya sauti.

Umbali hubadilisha pia mlio wenyewe. Hewa humeza sauti nyembamba haraka kuliko nzito, hivyo fataki inayopasuka karibu hulia "pa!" kali, na ya mbali huja kama ngoma nzito inayotikisa kifua. Na usiku, hewa iliyogusa maji ikiwa baridi kuliko ile ya juu yake, sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, ikasafiri mbali juu ya maji. Wavuvi wa pwani yetu wanalifahamu hilo: alfajiri bahari ikiwa shwari, maongezi ya watu walio kwenye ngalawa ya mbali husikika kana kwamba wamekaa nawe mchangani.