Fulana ya kupima moyo haitii umeme mwilini
Watu wengi, Bukavu kama kwingine, huamini tangu zamani kwamba kupimwa umeme wa moyo ni kupitishiwa umeme mwilini. Sasa hofu hiyo imehamia kwenye fulana zenye nyuzi za kupima mapigo ya moyo. Sivyo. Moyo wenyewe ndio unaotoa umeme kila unapopiga. Ukifika kwenye ngozi unabaki kama milivolti 1 (sehemu moja ya elfu ya volti), ilhali betri ya rimoti ina volti 1.5. Nyuzi zilizopakwa madini ya fedha, zilizofumwa kwenye mkanda wa kifuani wa fulana, huupokea tu na kuupeleka kwenye kifaa kidogo kinachobanwa kwa vifungo vya chuma. (Baadhi ya fulana zinazopima pumzi hupitisha mkondo mdogo mno usiohisika, aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo (pacemaker) amuulize daktari kwanza.)

Kinachovuruga vipimo hasa ni ngozi kavu. Lowesha nyuzi hizo kwa maji kabla ya kuvaa, mkanda ukae chini kidogo ya matiti, ubane bila kuzuia pumzi. Ukilegea, mtu akipanda vilima vya Kadutu, mjini Bukavu, kitambaa husugua ngozi, na kifaa huweza kuhesabu misuguano hiyo kama mapigo. Jasho husaidia. Ukifua, toa kifaa, tumia maji baridi na sabuni kidogo, anika kivulini. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) usitie kabisa: inakula fedha, na uzi uliogeuka mweusi haupokei vizuri tena.