"Bodi imechoka, zoea tu": dhana potofu kuhusu milio ya gari la spoti lililotumika

Ukinunua gari la spoti lililokwisha kupita mikono miwili mitatu, hukosi mtu wa kukutajia chanzo cha mlio kabla hata hajapanda. Mmoja atasema bushi (vile vipande laini vya kwenye maungio ya vyuma vya chini), mwingine shokapu, wa tatu atakwambia bodi imechoka, uzoee tu. Nimewasikiliza wote watatu, na wawili kati yao nimewalipa. Zifuatazo ni dhana ninazokutana nazo kila mara, pamoja na yale niliyojifunza nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mdomoni.

Dhana: mlio uko pale unapousikia

Hakuna dhana inayokula pesa za watu kama hii. Ndani ya gari, sauti haikufikii kwa njia moja. Inasafiri kwenye chuma cha bodi, inatokezea kwenye paneli yoyote nyembamba inayokubali kutetema, halafu inagonga vioo na kukurudia. Zile sauti nzito za chini ndizo zinazodanganya zaidi, maana masikio yetu hayana ustadi wa kujua zinatoka upande gani. Kitu kilicholegea nyuma unaweza kuapa kwamba kiko chini ya miguu yako.

Kwa hiyo swali la "wapi" liache kwanza, uliza "lini". Mlio unatokea gurudumu moja likipanda tuta, lakini hautokei magurudumu ya kushoto na kulia yakipanda kwa pamoja? Stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hujikunja pale tu upande mmoja unapoinuka na mwingine kubaki chini, kwa hiyo linki zake (vijiti vinavyoishikilia kila upande) na bushi zake ndizo za kwanza kushukiwa. Kwenye barabara mbovu, mlio unakoma ukigusa breki kidogo tu? Basi pedi za breki zinacheza ndani ya kalipa, kile kibano kinachozishika. Mara nyingi aliyezibadilisha hakuvirudisha vile vibati vidogo vya kuzibana. Gari limesimama, halina gia, na mlio unakoma ukikanyaga klachi? Hapo ni meno ya giaboksi yanagongana, jambo la kawaida kwenye gari lililofungwa flaiwili (gurudumu la chuma kati ya injini na klachi) nyepesi ya kipande kimoja badala ya ile ya vipande viwili yenye springi katikati. Beringi ya shafti inayoingia giaboksi hutoa dalili hiyohiyo, ila yenyewe huvuma, haitatariki.

Na ukisikia kitu kama bati la kopo kinachoamka injini ikifika mizunguko fulani kwa dakika, kisha kinalala ukiongeza moto kidogo, hilo ni bati la kuzuia joto kwenye ekzosi. Boliti zake huliwa na kutu, likabaki linaning'inia. Subiri ekzosi ipoe kabisa, vaa glavu, uligonge kwa ngumi, na sauti utaitambua palepale. Mkanda mrefu wa chuma, wa aina ile ya kukazia hosi, ukizungushwa juu yake humaliza kazi.

Mlio wangu mimi ulikuwa ukikoma kila nilipompakia mtu. Nilikuwa na jibu mkononi kwa wiki sita bila kulisoma. Nikabadilisha linki mbili za mbele, nikabadilisha na bushi, mlio ukabaki vilevile. Kumbe ulikuwa ni ulimi wa mkanda wa abiria ukigonga plastiki ya nguzo ya mlango. Abiria akikaa anafunga mkanda, kelele inakwisha.

Dhana: mlio ni mlio, dawa yake moja

Kuna milio ya aina mbili, na tiba zake hazifanani. Ule wa "kwiii" ni wa msuguano: vitu viwili vilivyobanana vinang'ang'aniana, vinaachiana, vinang'ang'aniana tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Hivyo vinataka kilainishi au kitambaa cha kuvitenganisha. Ule wa "kokoko" unatokana na nafasi: kitu kina pa kutembea, na kikifika mwisho kinagonga. Hicho kinataka kukazwa, au nafasi yake ijazwe. Ukikipaka grisi kitu kinachogonga, kitaendelea kugonga kikiwa na grisi.

Dhana: puliza mafuta ya kopo, kitanyamaza

Kitanyamaza, ndiyo, kwa siku chache. Herufi mbili za mwanzo za jina WD-40 zinasimamia kazi ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini, lililofaulu mwaka 1953. Ni kitu kizuri kwa boliti iliyoganda. Sehemu yake kubwa huyeyuka hewani, kinachobaki ni utando mwembamba unaokusanya vumbi. Tena mafuta ya aina hiyo hayaelewani na raba nyingi: huivimbisha na kuilegeza. Raba za milango na za paa zinataka grisi ya silikoni, kidogo sana, ipakwe kwa kitambaa baada ya kuzisafisha.

Ukitaka kujua tu kama bushi fulani ndiyo inayolia, tumia maji ya kawaida. Mwagia bushi moja, mwombe mtu abonyezebonyeze kona ile ya gari, sikiliza. Ikinyamaza hadi ikauke, umempata mwizi, na hujaharibu kitu.

Dhana: vipuri vipya vyote, ukimya

Hii inauma kwa sababu inaonekana ya haki. Umetoa pesa, umeweka mikono mipya, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, yenye bushi mpya, na mwezi haujaisha gari linalia kuliko mwanzo. Chanzo kimoja kinachojirudia ni jinsi boliti zilivyokazwa. Bushi nyingi za raba zimegandishwa kwenye bomba lake la ndani, na boliti ikikazwa bomba hilo halizunguki tena. Raba yenyewe ndiyo inayojipinda gurudumu likipanda na kushuka. Sasa fundi akikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, bushi inafungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha, raba inabaki imepindika hata gari likiwa limeegeshwa. Italia, itachanika mapema, na inaweza hata kuliacha gari limekaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Boliti hizo hukazwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu yake.

Bushi za poliyurethani, plastiki ngumu inayofanana na raba, ni kesi nyingine. Nyingi zimetengenezwa ili zizunguke juu ya bomba lake, kwa hiyo zinahitaji ile grisi nzito inayokuja nazo. Zikifungwa kavu zinalia kama mlango wa ghala. Wanaozifunga kwa ajili ya usukani mkali wajue kwamba kuzifungua na kuzipaka upya ni sehemu ya matunzo yake.

Dhana: fundi aliinua gari, akatikisa, hakuna kilicholegea

Aliinua vipi? Gurudumu moja likiwa juu na mwenzake chini, stabilaiza imejipinda na linki zake zimevutwa. Linki iliyokwisha, ikivutwa hivyo, inaonekana nzima kabisa. Zikague magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo yakiwa chini, au yote mawili juu kwa usawa, gari likiwa limekalia stendi imara.

Dhana: magari ya spoti ndivyo yalivyo

Kuna ukweli ndani yake. Springi ni ngumu, tairi zina ukuta mfupi, na gari likikatwa paa linapoteza sehemu kubwa ya ukinzani wake dhidi ya kupindika. Kona moja ikipanda jiwe, tundu la mlango hubadilika umbo kidogo, na raba, loki na kioo vinasuguana. Kuna hata milio iliyotoka nalo kiwandani. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, walioanza kuuzwa mwaka 2012, wanajulikana kwa sauti ya nyenje injini ikiwa imetulia. Inatoka kwenye pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa, na wapo waliobomoa nusu ya gari kumtafuta nyenje huyo.

Ila nyingi ya hizi "ndivyo yalivyo" hutibika kwa dakika kumi. Zungushia tepu ya kitambaa ile pini ya chuma ambayo loki ya mlango huing'ata. Mlio ukipotea, pini inahitaji kusafishwa au kusogezwa. Vile vizuizi vidogo vya raba ambavyo boneti na buti hukalia, vingi huzungushwa kama skrubu: vipandishe hadi kifuniko kikae kwa kubanwa.

Kuhusu bodi kuchoka, chuma hakichoki kwa uvivu. Kikichoka kweli kinapasuka, na mpasuko unaonekana. BMW M3 ya kizazi cha E46 inafahamika kwa hilo, pale sakafu ya nyuma inaposhikilia fremu ya ekseli. Anayekwambia bodi imechoka mwambie akuonyeshe ufa.

Dhana: ni kero tu, si hatari

Mlio mzito wa kugonga unapokata usukani au kufunga breki, mlio uliokuja baada ya magurudumu kufunguliwa, au usukani unaocheza sambamba na kelele: simamisha gari. Nati za magurudumu na boljointi (maungio ya duara yanayoruhusu gurudumu kugeuka) hazingoji wikendi.

Dhana: lazima dashibodi ing'olewe

Toa kwanza gurudumu la akiba, jeki, spana, sarafu, miwani, kila kitu. Pita barabara ileile. Kisha mtu mwingine aendeshe, wewe bonyeza paneli moja moja kwa kiganja mpaka mlio ubadilike. Kwenye ukingo huo chomeka kitambaa chembamba, jaribu tena asubuhi ya baridi na mchana wa jua, kwa sababu plastiki hutanuka na kusinyaa. Ikibidi kufungua, agiza klipu mpya kabla ya kuanza. Plastiki ya miaka 15 hukatika ukiigusa, na paneli iliyorudishwa ikiwa na klipu tatu badala ya tano itakuletea mlio ambao hukuwa nao.