Kuunda upya vifurushi kiotomatiki: maana yake

Ukitaja "kifurushi" hapa Dodoma, wengi watadhani unasema MB za simu. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kifurushi ni programu iliyokwisha kutayarishwa: unaipakua, unaisakinisha, unaanza kazi. Mahindi hushushwa soko la Kibaigwa yakiwa punje, lakini anayesonga ugali anataka unga. Msimbo chanzo, yaani maandishi ya watunzi wa programu, ndizo punje. Kifurushi ndicho unga uliofungwa tayari.

Watunzi wakirekebisha kosa na kutoa toleo jipya, unga wa zamani unabaki na kosa lile lile hadi usagwe mwingine. Kuunda upya kiotomatiki ni kuiachia kompyuta kazi hiyo: igundue badiliko, ichukue msimbo mpya, iunde kifurushi na kukijaribu. Katika Debian, mojawapo ya aina za Linux, kwa mfano, kifurushi huweza kuwa na faili dogo linaloonyesha mahali pa kuchungulia matoleo. Programu iitwayo uscan hulisoma, kisha hulinganisha namba za toleo.

Ugumu hasa uko kwenye utegemezi. Programu nyingi huazima kazi kutoka maktaba za pamoja, yaani mikusanyo ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi, kama OpenSSL inayosimba mawasiliano kwa siri. Maktaba ya namna hiyo ikirekebishwa, mara nyingi inatosha kuibadilisha yenyewe, na programu zote zikiwashwa upya zinaitumia. Lakini programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Go kwa kawaida hubeba maktaba zake tumboni. Ukirekebisha maktaba bila kuziunda upya programu hizo, kosa linabaki ndani ya kila moja, na mtumiaji anaamini amepona. Hili ndilo linalonifanya niutetee utaratibu huu kwa nguvu: hakuna binadamu awezaye kukumbuka mamia ya vifurushi vinavyotegemeana. Open Build Service, mtambo wa kuunda vifurushi wa openSUSE (aina nyingine ya Linux), inakumbuka. Kifurushi kimoja kikibadilika, huunda upya na vinavyokitegemea.

Ila kuunda ni jambo moja, kuwafikishia watu ni jingine. Tafadhali usiyaunganishe bila mtu wa kukagua katikati. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu iliyouwasha haikuwemo kwenye hazina ya Git, inakotunzwa historia ya msimbo chanzo, ambako wengi wangeangalia; iliwekwa kwenye faili lililofungwa la toleo, lile lile ambalo mitambo ya kuunda vifurushi hulichukua. Lilipita kwenye mitambo bila kelele, likafika Debian ya majaribio na openSUSE Tumbleweed, ile inayopokea matoleo mapya mfululizo. Debian thabiti ilisalimika, kwa kuwa yenyewe haipokei toleo jipya kwa sababu tu limetoka.