Klachi kuteleza ni nini, na kwa nini giaboksi hulaumiwa bure

Klachi huteleza pale injini inapozunguka kwa kasi lakini nguvu yake haifiki yote kwenye magurudumu. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, na gari lenyewe linasuasua. Dalili hiyo hujitokeza kwanza kwenye gia kubwa na kwenye mlima. Ndiyo maana dereva wa matatu ya abiria 14 anayepanda Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Kangemi huigundua mapema kuliko mwenye gari dogo anayezunguka mjini bila mzigo.

Ili kuelewa kinachoteleza, anzia nyuma ya injini. Hapo kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka muda wote injini ikiwaka. Klachi pleti, sahani inayozungusha shafti ya giaboksi na yenye lainingi (tabaka la kusuguana) pande zote mbili, hukaa katikati ya flaiwili na presha pleti. Springi ya presha huibana kwa nguvu, vitu vyote vitatu vikazunguka pamoja kama viganja vilivyoshikana. Ukikanyaga pedali, rilisi beringi, beringi ya kuachilia klachi, husukuma vidole vya springi, mbano unalegea, na giaboksi inatengana na injini ili ubadilishe gia.

Kwa hiyo klachi ina kazi mbili, kushika na kuachia, na inaweza kushindwa kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa. Inayoshindwa kushika huteleza. Inayoshindwa kuachia hufanya gia ziwe ngumu kuingia, hasa gia ya kwanza na rivasi. Watu wengi wakikwaruza rivasi husema giaboksi imekufa, na hapo ndipo pesa hupotea, maana shida huwa mara nyingi ni pedali isiyoisukuma klachi vya kutosha.

Kupima klachi inayoteleza hakuhitaji mashine. Katika barabara iliyo wazi, tembea kilomita 40 hivi kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Klachi nzima itaifanya injini ilemewe na kupanda kasi polepole pamoja na gari. Iliyochoka itaiacha injini iruke peke yake. Usirudie jaribio hili mara kwa mara, kwa sababu kila mtelezo unachoma lainingi. Harufu yake ni kali kama ya mpira unaoungua, na ukiisikia baada ya mlima mmoja tu, huna haja ya kupima tena.

Hapa Nairobi kinachoua klachi zaidi, kwa maoni yangu, ni kubalansi. Tunafundishwa kuilinda gari isirudi nyuma kwenye mteremko kwa kushikilia klachi nusu, na kwa mtihani ni sawa. Lakini dereva akiendelea kubalansi dakika nzima kwenye jam, lainingi inasuguana na chuma muda wote huo. Kwenye mlima tumia hendibreki. Gari likisimama kwenye msongamano, weka fri, yaani toa gia, na uondoe mguu kabisa kwenye pedali. Mguu uliolazwa juu yake, hata kwa uzito mdogo, huifanya rilisi beringi ifanye kazi bila kupumzika.

Lainingi kuisha si sababu pekee, na hili ni muhimu fundi akishafungua. Mwombe akuonyeshe pleti iliyotoka. Ikiwa imeliwa hadi ribiti zinazoshikilia lainingi zinakaribia kugusa chuma, na vumbi jeusi kavu limejaa pembeni, imechakaa kwa matumizi. Ikiwa lainingi bado ni nene lakini inang'aa na imelowa, umepata chanzo kingine: oili inavuja kutoka sili ya nyuma ya krankshafti au sili ya shafti ya kuingilia giaboksi. Ukifunga pleti mpya bila kubadilisha sili hiyo, utarudi gereji na shida ileile. Tazama na uso wa flaiwili. Madoa ya bluu na nyufa nyembamba ni alama za joto kali, na inafaa iskimiwe (isawazishwe uso kwa mashine) au ibadilishwe.

Sasa klachi isiyoachia. Injini ikiwaka, kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza, zima injini na ujaribu gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, angalia klachi kabla ya kuilaumu giaboksi. Zikibaki ngumu hata hivyo, kagua waya na vijiti vya gia, kisha ndani ya giaboksi. Pampu pedali mara kadhaa: gia zikianza kukubali, mfumo wa mafuta unaosukuma klachi (haidroliki) una hewa au unavuja. Pitisha kidole kwenye silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi, na uangalie juu ya pedali ndani ya gari kama kuna unyevu. Klachi nyingi za aina hii hutumia mafuta ya breki. Oili ya injini usiitie humo kamwe, itavimbisha mipira yote ya silinda. Gari ambalo klachi yake huvutwa kwa kebo huhitaji tu kurekebishwa kebo mara nyingine.

Sauti nazo zinasema mengi. Gari likiwa fri, injini ikiwaka, sikiliza mlio, kisha kanyaga klachi. Mlio ukianza unapokanyaga, mshuku rilisi beringi. Ukinyamaza unapokanyaga, beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi ndiyo ya kuangaliwa.

Giaboksi yenyewe hujitaja kwa namna yake. Gia moja tu ikikwaruza, tuseme ya pili unaposhuka kutoka ya tatu, na nyingine zote ziko sawa, sinkronaiza ya gia hiyo, kifaa kinacholinganisha kasi kabla gia kuingia, imechoka. Gia ikijirudisha fri yenyewe ukiachia mafuta, huenda meno au foku zinazosogeza gia zimeliwa, ingawa mauntini (kishikizo) ya injini iliyovunjika pia huleta hali hiyo. Kabla ya kuifungua, mwaga oili: unga laini wa chuma kwenye nati ya chini ya kumwagia oili ni kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho si kawaida. Unapojaza, fuata kitabu cha gari. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia; oili ya GL-5 haifai kila giaboksi ya GL-4, kwani baadhi yake hula pete za shaba za sinkronaiza.

Kubadilisha klachi ni lazima giaboksi ishushwe, na kazi hiyo ndiyo inayochukua muda wa fundi. Kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road, ile wengi bado wanaiita Grogan, nunua seti kamili: pleti, presha na rilisi beringi, pamoja na sili. Linganisha pleti mpya na ya zamani palepale dukani, kipenyo na idadi ya meno ya katikati, kabla ya kulipa. Ikishafungwa, endesha kwa upole kilomita 500 hivi za kwanza, bila kuvuta mizigo mizito, ili lainingi ikae sawasawa kwenye chuma.